Makopa ya Bi Kazija Katika Ghala la Nguruwe

Ngwali Matano hakuwa na kazi, wala hakuna aliyewahi kumwona akiitafuta. Alikuwa na kanzu moja nyeupe pe, kofia ya viua, na mdomo. Asubuhi moja, anarudi kutoka Wesha kwa miguu, akapita kando ya kishamba cha Bwana Rebelo na kuliona ghala.

Tuseme haki, ghala lilikuwa zuri. Bwana Rebelo, Mgoa, karani mstaafu, alilijenga kwa mawe, sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa, bati jipya. Panya hapiti, unyevu haupiti. Alitaka kununua chakula cha nguruwe wake kwa wingi akiweke akiba ya masika. Taabu ni kwamba hapakuwa na wa kumuuzia. Pumba aliagiza Unguja, zikifika zimerowa na zinanuka. Basi ghala likakaa tupu, na nguruwe wakakaa wakipiga kelele.

Watu wote wakipita pale walikaza mwendo na kutema mate. Ngwali alisimama.

"Banda kavu ambalo Muislamu hatii mguu," alijisemea. "Subhanallah! Na mimi nalala njaa!"

Akenda moja kwa moja Chake Chake kwa Bi Kazija, mjane mwenye duka la vyakula. Bi Kazija alikuwa anataka kwenda Makka. Nia njema, Mungu ampe. Njia yake tu ndiyo iliyokuwa na kona: wakati wa muhogo mwingi alinunua makopa, muhogo mkavu wa mashamba yote mpaka Chokocho, akayafungia chumbani, akingoja masika watu wabanwe na njaa ayatoe kwa bei ya kuliza. Nauli yake yote ya hija ilikuwa mle ndani ya magunia. Kila akiomba dua ya safari, aliomba na mvua izidi.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikopeshi."

"Nani kataja kukopa? Nimekuja kwa huruma. Serikali inaleta watu wapekue majumba. Aliyeficha chakula ananyang'anywa."

Bi Kazija akakaa chini. "Nani kakwambia?"

"Nikimtaja, siku nyengine ataniambia? Mimi ninapo mahali, pakavu, mwizi hapasogelei, askari hapasogelei. Ukishauza utanikumbuka kidogo."

"Wapi?"

"Ukipajua utakwenda kuchungulia. Ukichungulia utaonekana."

Bi Kazija alimwamini, maana mwenye siri huwa mwepesi kuamini siri. Mmanga, dereva wa lori, akalishwa yamini asiseme, akayashusha magunia kando ya barabara, na vibarua wa Rebelo wakayaingiza. Rebelo, aliyeombwa na Ngwali nafasi ya kuweka mzigo kwa muda, hakuuliza sana. Kuona tu magunia ndani ya ghala lake kulimburudisha roho.

Mvua zilipoanza, Ngwali akarudi dukani na uso wa msibani.

"Bi Kazija, nisamehe. Nimedanganywa. Lile ghala, kumbe ni la nguruwe."

"La nani?"

"La nguruwe wa Mgoa."

"Astaghfirullahi!" Bi Kazija akajishika kichwa. "Makopa yangu! Hija yangu, Ngwali! Umeniua!" Akalia kweli, machozi ya mtu anayeiona meli ikiondoka bila yeye. Ngwali naye akatoa leso akalia kidogo, kwa adabu.

"Usijitie unajisi kuyafuata," akasema. "Niachie mimi. Kesho nakodi lori la Mmanga, nikayatupe bahari ya Mkoani. Hutayaona tena, wala watu hawatajua."

"Katupe, mwanangu. Katupe!"

Akaondoka Ngwali anatembea kama bwana harusi. Mkoani alikuwa na mnunuzi tayari, asiyejua habari za ghala wala za nguruwe.

Bi Kazija alilia mpaka alipofika kufuta pua, na hapo akaacha. Wesha kuna bahari. Kutoka kwa Rebelo mpaka bahari ya Wesha, mtu akikuita unasikia. Sasa huyu akodi lori, aende mpaka Mkoani, kutafuta maji ya chumvi?

"Ala!" akasema Bi Kazija. Akavaa buibui.

Kesho yake Ngwali na Mmanga walifika kishambani, wakamkuta Rebelo barazani anakunywa chai.

"Nimekuja kuchukua magunia," Ngwali akasema.

"Magunia yapi? Yote yaliyomo ni yangu. Bi Kazija kaniuzia jana. Bei yake kali, yule mama, lakini nimepata akiba ya masika yote, na gharama ya kubeba hakuna."

Ngwali akakimbilia ghalani, akakumbatia gunia la mlangoni, akaanza kuliburura. Likafumuka. Jike moja kubwa la nguruwe, lililokuwa likizungukazunguka nje, likaona muhogo, likaja mbio. Ngwali akavuta huku, jike likavuta kule, mwisho wote wawili wakawa chini, na kanzu nyeupe ikageuka rangi ya zizi.

"Mmanga! Nisaidie, yakhe!"

Mmanga alikuwa ameshawasha lori. "Kwenye gari yangu hupandi," akapiga kelele, akenda zake kuwahi baraza ya kahawa na habari moto.

Mwaka ule, kwa ajili ya uchaguzi, Chake Chake watu wa chama hiki walikuwa hawanywi kahawa na wa chama kile, hata maziko walibaguana. Habari ya Ngwali iliwapatanisha kwa mara ya kwanza: pande zote mbili zilikubaliana asikae karibu nao.

"Yeye mwenyewe kamuuzia nguruwe!" Ngwali alilalama pale kwenye kahawa, Bi Kazija alipopita.

"Mimi nimemuuzia Bwana Rebelo," Bi Kazija akajibu. "Nguruwe hana mfuko, mwanangu." Kwa usalama zaidi, noti alizolipwa alikuwa ameshazibadilisha kwa Muhindi, ili atakazosafiria zisiwe zile zile.

Alikuwa njiani kwenda kupanda chombo, mzigo wake kichwani kwa mchukuzi. Akatoa ndani ya kikapu fungu la udongo mkavu, akaliweka chini, mbali na Ngwali kidogo.

"Unaoga mara saba, moja kwa udongo," akasema. "Huo nakupa bure. Nikifika Makka nitakuombea."

Ngwali akawageukia watu wa baraza. Mtu aliyeishi kwa mdomo, siku hiyo hapakuwa na hata mmoja aliyesogea karibu kumsikiliza. Akamwomba mwenye kahawa, Jecha, japo kikombe kimoja.

Jecha alitazama vikombe vyake, akatazama ile kanzu. Akaokota kifuu cha nazi nyuma ya jiko, akamimina kahawa humo, akakisukuma kwa kijiti.

Ngwali akanywa kwa kifuu. Jecha akamtoza bei ya kikombe.