Pacha wa Tarakimu Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa idara ya hisabati anastaafu. Kiti ni changu! Tatizo ni Pembetatu, mwalimu mwenzangu, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hawezi kufundisha bila kuchora moja. Leo mwalimu mkuu kammwagia sifa mbele yangu, eti ana utulivu. Hata kabati lina utulivu.

Dawa yake nimeipata. Nitagundua namba tasa! Kubwa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Itachorwa ukutani ukumbini, jina langu chini yake.

Jumanne, 4 Machi
Kugundua ni kazi. Kichwa kinaniuma. Ipo moja tamu, 2147483647: zizidishe mbili thelathini na moja zenyewe kwa zenyewe, toa moja. Tasa kabisa! Lakini ina wenyewe tangu enzi za mababu.

Ndipo nikakumbuka pacha. Namba tasa hupenda kwenda mbili mbili: 11 na 13, 17 na 19, 29 na 31. Hii nayo itakosaje mwenzake? Nikaongeza mbili. 2147483649. Yangu!

Mke wangu akauliza kama nimeihakiki. Nikamjibu kwamba namba za ukubwa huu mtu huzihisi. Akanitazama sana. Hata hivyo akampigia mama yake simu, kwamba mkwewe kagundua kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu hii nitaificha wapi?

Walimu wote ukumbini. Mama mkwe mstari wa mbele, nguo mpya. Fundi rangi keshachora tarakimu zote kumi. Nikaeleza habari za pacha, nikatamka neno ugunduzi kila nilipovuta pumzi. Pembetatu akainua mkono kwa adabu, akaniomba nijumlishe tarakimu. Nikajumlisha kwa sauti, kwa madaha. Arobaini na nane. Arobaini na nane inagawanyika kwa tatu, basi na namba yote inagawanyika kwa tatu. Kanuni ya kidato cha kwanza. Naifundisha mimi! Ipo kwenye chati darasani kwangu, kwa mwandiko wangu, juu tu ya ile ya namba zinazoishia na tano.

Mwalimu mkuu akawa anatazama viatu vyake. Ndipo mama mkwe akapiga makofi. Peke yake, kwa nguvu zote, akidhani nimefaulu. Hakuna kilichoniuma kama makofi yale.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejifungia chumbani. Mke wangu hakunicheka, angecheka ningepumua. Kasema tu mama yake anaomba picha ya ule ukuta, awaonyeshe wenzake. Nikajifunika shuka gubigubi.

Pembetatu kapiga simu kunipa pole, eti siku nyingine tuhakiki pamoja. Pamoja! Nikamkatia simu. Nimeapa sitaongeza mbili kwenye namba yoyote maisha yangu yote.

Jumapili, 9 Machi
Kosa nimeliona! Pacha yupo, ila nilimtafuta upande usio wake. Kumbe ni kutoa mbili! 2147483645. Na safari hii nimejumlisha tarakimu, mimi si mjinga. Arobaini na nne. Kwa tatu haigawanyiki hata uilazimishe!

Mwalimu mkuu hajajua bado; nataka iwe ghafla. Fundi rangi anasema kazi ni ndogo: atafuta ile tisa ya mwisho, aweke tano. Mama mkwe nimemwambia awahi, akae mbele.