Makwapa ya Joash na Vioo Viwili vya Rael

Wekeni chini nyundo zenu, enyi wauza misumari wa River Road, nanyi mlio nyuma ya kuta za Lavington fungueni madirisha, niwasimulie jinsi Joash mwana wa Mercyline, fundi wa maabara, Ngome ya Nyuzi Thelathini na Saba, alivyovuka jiji mchana kweupe bila kuinua mikono.

Ilikuwa siku ya saba ya jaribio, nayo ndiyo ya mwisho. Rael, mwanafunzi wa uzamili, alikuwa ameunda vioo viwili vya kutibu mifupa. Cha kwanza alikiunda kwa mchanga mweupe mwingi, ambao chembe zake hushikana zikakataa kuachana. Katika cha pili aliupunguza mchanga, akaongeza magadi na chokaa, ambavyo hulegeza mshikamano huo hata kioo kikakubali kuyeyuka polepole majini na kuvaa utando unaofanana na mfupa. Vipande vyote viwili vililala katika chupa ndogo za maji yaliyotengenezwa kuiga majimaji ya damu, kwa joto la mwili, bila kupoa. Chupa moja ikipoa, ulinganisho umeharibika, na Jumatatu Rael alipaswa kusimama mbele ya watahini.

Ndipo stima ikapotea maabarani. Rael akatangulia Loresho kwa msimamizi wake, Daktari Waringa, mwenye jenereta na mashine ya kuangulia vifaranga, ili aipashe moto. Joash akafungua koti. Chupa ya mchanga akaitia kwapa la kulia, ya magadi kwapa la kushoto, akabana. Mimi nisingeweza, maana hutekenyeka upesi. Dereva wa teksi akamfungia mkanda, na Waiyaki Way yote shujaa hakujikuna.

Langoni kwa Daktari akamkuta Makau, bawabu, Simba wa Kizuizi, kifaa cha kukagulia mkononi.

"Niaje boss. Inua mikono."

"Ee mlinzi wa lango," akasema Joash, "dai kitambulisho, dai viatu, dai hata jina la babu yangu, nitakupa. Mikono siwezi. Chini yake kuna siku saba za binti wa watu, na zikipoa atazianza upya huku wenzake wakivaa majoho."

"Hiyo story ni poa, lakini hapa kila mtu huinua. Hata Daktari mwenyewe juzi aliinua. Nikikuachilia hivyo, kazi yangu imeisha."

Naliwahurumia wote wawili, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki.

Hatimaye Makau akashusha pumzi, akafungua koti lake zito la bluu. "Leta hapa. Yangu pia iko na joto."

Chupa zikahama, ya kulia kwa kulia, ya kushoto kwa kushoto. Joash akainua mikono iliyokufa ganzi. Lakini sasa Makau hakuweza kuinua yake.

"Basi jikague," akasema Makau. "Na usijipendelee."

Joash akakitwaa kifaa, akajikagua kifua, kiuno na miguu, kwa ukali ambao hakuwahi kumfanyia mtu. Kifaa kikalia kilipofika mfukoni.

"Hiyo ni nini?"

"Funguo za maabara."

"Toa nione."

Akazitoa. Kisha akaandika jina lake kitabuni, na penye sababu ya kuja akaandika: kuleta joto. Akarudishiwa chupa zake, akaingia.

Kipimajoto kikasoma thelathini na sita na nusu, chupa zote mbili. Rael akasema inatosha, akalia. Jioni vipande vilipotolewa katikati ya mayai, kioo cha mchanga kiling'aa kama siku ya kwanza, na kile cha magadi kilikuwa kimevaa utando mweupe, mwembamba kama ule wa chai ya maziwa iliyoachwa mezani.

Jumatatu watahini waliuliza ni chombo gani kilichotunza joto siku ya saba. Jibu limehifadhiwa maktabani, katika tasnifu ya Rael, ukurasa wa arobaini na mbili, vizazi visome: kwapa la Joash, dakika hamsini, kwapa la Makau, dakika nne. Naye Makau, hadi leo, bado humwambia kila mgeni ainue mikono, ila kwanza humwuliza amebeba nini.