Tume ya Damu ya Mwasisi, Sainte-Apolline

Baraza la kijiji cha Sainte-Apolline lina furaha kuwatangazia wananchi kuundwa kwa Tume ya Damu ya Mwasisi. Kuanzia sasa, makaburi ya kando ya kanisa yatapokea tu uzao wa Mathurin Bellavance, aliyeteremka melini kutoka Ufaransa enzi za Mfalme na kufyeka msitu huu kwa mikono yake. Wafu wengine watahudumiwa nyuma ya uwanja wa kumwagia theluji, penye nafasi tele na upepo wa bure.

Tangazo lilimkuta Ovila Thivierge akila maharage ya juzi, peke yake. Mkewe, Rolande, alikuwa tangu Januari katika kijumba cha mawe nyuma ya kanisa, pamoja na maiti wengine wa majira ya baridi, wakisubiri ardhi iliyoganda ilainike ichimbike. Rolande alitaka azikwe kando ya ukuta wa kanisa, jua la asubuhi linapopiga. Ovila alimwahidi. Ilikuwa ahadi rahisi. Alidhani yeye ndiye angetangulia.

Ovila aliishia darasa la nne, na aliamini hata baridi hupitishwa na baraza. Meya mwenyewe, Ovila alikuwa amempigia kura mara zote, kwa sababu ya kalamu za bure za kampeni. Siku ya kikao cha Tume alivaa suti yake ya harusi, ambayo kifungo chake kimoja tu ndicho kilichokubali kutoa ushirikiano.

Meya Gratien Bellavance aliongoza kikao kwa uzito wa jina lake. Kaburi lake alikwisha kujiwekea, ukutani kabisa, jiwe limechongwa, umebaki mwaka wa kufa.

"Mzee Ovila, marehemu alihusianaje na Mwasisi?"

"Kwa mama yake, Mheshimiwa. Na kwa bibi yake. Si tumeoana wenyewe kwa wenyewe hapa! Hata mimi na Rolande, padri alituombea ruhusa kwa askofu. Nilioa binamu, na mama mkwe hakunipunguzia hata tusi moja."

"Hapo ndipo penye kasoro," meya alisema kwa huruma ya kiofisi. "Tukihesabu akina mama, kijiji kizima kitastahili. Tume itabaki na kazi gani? Kanuni ya tatu: damu hutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume. Kwa wanawake huwa inapita njia tu."

"Kwa hiyo mke wangu alale na theluji chafu?"

"Katika Eneo la Mapumziko, Awamu ya Pili."

Ovila aligeukia dirishani ili wasimwone machozi. Nje kulikuwa na sanamu ya Mwasisi, mkewe na watoto wao. Meya ndiye aliyeizindua, na Ovila alipiga makofi siku ile mpaka viganja vikawaka moto. Kisha trekta la baraza likairundikia theluji majira yote ya baridi. Sasa theluji iliyeyuka, na vichwa vya watoto sita vilikuwa vikichomoza. Vyote vilivaa kofia za kike za kufungwa kidevuni.

"Mheshimiwa, mwanawe wa kiume ni yupi pale?"

"Yupo. Bado amefunikwa."

Kikao kikahamia nje kwa ukaguzi. Meya alishika koleo mwenyewe. Akafukua binti wa saba. Akafukua wa nane. Wa tisa alikuwa kichanga mikononi mwa mama yake.

"Huyu je?" meya aliuliza kwa matumaini.

Katibu wake, Bi Huguette, akainama kusoma kibao. "Marie-Ursule."

"Basi hilo Bellavance lako umelitoa wapi?" Ovila akauliza.

Bi Huguette alikohoa. "Askari mmoja alimwoa binti wa sita. Baba mkwe akampa shamba, kwa sharti achukue na jina lake."

"Ulijua, ukanyamaza?" meya alifoka.

"Lipo hapa kibaoni, Mheshimiwa. Ulilisoma mwenyewe siku ya uzinduzi."

Diwani mmoja akauliza kwa heshima zote iwapo jiwe la Mheshimiwa lihamishiwe Awamu ya Pili kwa gari la baraza au la kukodi.

Kura ilipigwa palepale kwenye tope, na mkono wa meya ndio uliotangulia kunyooka. Tume, baada ya utafiti wa kina, ilibaini kuwa binti naye ni mtoto.

"Ukutani imebaki nafasi moja tu," alisema Bi Huguette. "Ubavuni kwa Mheshimiwa."

Ovila alicheka kwa mara ya kwanza tangu Januari. Kila Jumatatu, miaka nenda miaka rudi, Rolande alikuwa akimpigia meya simu kuhusu shimo la barabarani mbele ya nyumba yao.

"Jiandae, bwana Gratien. Mimi niliponea kwenye kifaa changu cha kusikilizia: akianza kulalamika, nakizima. Siku hizi nakiwasha kutwa, na nyumba iko kimya." Akafunga kile kifungo kimoja. "Wewe huko hutakuwa na cha kuzima."