Vidole Vyangu Vimenikana

Kwa Mkurugenzi wa Usimamizi wa Mabenki

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: BENKI KUSHINDWA KUNIJUA

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na ofisi yako nzima. Mimi pia sijambo, ila kwa mujibu wa benki yangu sipo.

Mimi ni dobi. Miaka ishirini na sita nimefua na kupiga pasi kwenye chumba kinachopakana ukuta na tawi la benki. Sabuni na pasi ya moto vimenilamba ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama kijiko. Tangu kanuni yako mpya ianze, kwamba benki imtambue mteja kwa alama za vidole, kila nikigusa kile kimashine kinawaka taa nyekundu. Karani, binti mwenye adabu zake, alinishauri nijaribu kidole kingine. Nikajaribu vyote kumi. Alipoanza kutazama viatu vyangu, niliaga.

Jambo lenyewe si mzaha. Mama yangu ana mtoto wa jicho, na hospitali imempangia upasuaji Ijumaa hii. Pesa za upasuaji zimo kwenye akaunti yangu, na akaunti imefungwa mpaka ithibitike kuwa mimi ni mimi. Ijumaa ikimpita, anarudi nyuma ya foleni, miezi minane.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Meneja wa tawi ananijua. Kila Jumatatu ananiletea mashati matano na kuniuliza hali ya mama. Akishaingia kwake, naitwa "mwombaji". Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua kumi na moja. Sijui ananisahau kwenye hatua ya ngapi.

2. Nilimweleza hayo. Akashusha pumzi, akasema, "Fundi, mimi nakujua. Mfumo ndio haukujui." Nikauliza huyo Mfumo anafulia wapi, nikajitambulishe.

3. Mimi najua wateja kuliko benki, na sijawahi kumshika mtu kidole. Namjua mtu kwa kola yake. Shati likitua mezani, najua nani anasinzia kazini kwa mkunjo wa kiwiko, na nani kanuniwa nyumbani, maana kifungo kajishonea mwenyewe. Meneja hutoka jasho zaidi mwezi wanapokuja wakaguzi wako. Hilo sikulisema.

4. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Naomba kibali nami nimtambue meneja kabla ya kumpa suruali zake: picha mbili, barua ya mtaa, na alama za vidole vya miguu, kwa kuwa vya mikono ni mali ya benki.

5. Bora kuliko yote, mashine ziondolewe na kila tawi liwekewe dobi mlangoni. Mteja akipita, dobi atazame kola na kutikisa kichwa. Mafunzo nitayaongoza mwenyewe. Posho tutaongea.

Nilipomsomea mama barua hii alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Wakitaka kukujua waniulize mimi niliyekuzaa. Ila wafanye upesi, nataka niwaone wakati nawajibu."

Wasalimie wasaidizi wako, wakaguzi, na yule atakayeiweka barua hii chini ya nyingine.

Wako mtiifu, ambaye bado hajathibitishwa,

Dobi wa ukuta wa pili

N.B. Bahasha nimeifungua tena. Leo asubuhi meneja aliingia kuchukua suti yake ya kijivu. Sikuinua uso kwenye pasi. Niliona shati la samawati lenye uzi mwekundu kolani, alama ninayotia kwenye mashati ya meneja, nikamkabidhi suti. Robo saa baadaye akaingia meneja mwingine, huyu akiwa na uso wa meneja, akataka suti ileile. Kumbe yule wa kwanza ni shemeji yake, aliyeazima shati juzi, na sasa hapokei simu. Suti hiyo ndiyo ya kuwapokelea wakaguzi wako kesho.

Hakufoka. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu, akaniuliza kama nilimdai yule mtu kitambulisho. Nikasema, namjua. Tukatazamana.

Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake pembeni, akasema, "Huyu anajua nguo, wewe unajua vidole. Mtu mwenyewe hakuna anayemjua."

Meneja akaenda kuleta kitabu cha kanuni zako. Kurasa zilikuwa bado zimegandana. Ukurasa wa arobaini, chini kabisa: asiye na alama za vidole atambuliwe kwa picha na mashahidi wawili wanaomfahamu. Meneja akatia saini. Mama, kwa kuwa haoni pa kusaini, akaweka dole gumba, likatoka safi kama muhuri. Pesa ninazo, na Ijumaa iko palepale.

Kwa hiyo namba 3 na namba 5 nazifuta. Mashine zibaki. Na wakaguzi wakikwambia meneja aliwapokea na jaketi linalombana makwapa, asiandikiwe kosa. Ni langu la harusi, na amelichukua kwa kitambulisho.