Hotuba ya Kufungua Kituo cha Kuokoa Nywele, Bel-Air

Mwakilishi wa mwakilishi wa Mheshimiwa, aliyezuiwa na majukumu ya juu, wachungaji wa makanisa yote, hata yale yasiyo na spika, machifu wetu, akina mama wasusi wa mitaa ya Bel-Air na Makomeno, na ninyi wengine wote kwa vyeo na sifa zenu, hata msio navyo: mimi, Laurent Chisanga, Mratibu Mkuu wa Projet ya Vichwa, mradi wetu wa kuokoa nywele, nawasalimu! (Makofi. Mama mmoja anajikuna.)

Étude yetu, utafiti wa kina, imegundua, kwa asilimia mia na ishirini, jambo ambalo kila mama hapa alishalijua: mipira ya kufungia nywele ikikazwa mno huvuta mizizi mpaka paji la uso linapanuka, vibanio vya chuma hukata nywele, kitambaa kikifungwa juu ya nywele mbichi huleta muwasho. Ndiyo maana, kwa ajili ya sensibilisation, yaani uhamasishaji, nimemgawia kila mwanamke bandeau, utepe wa kichwani wa mpira imara, yenye picha yangu mbele. (Sauti: "Excellence, iko inatukaza! Kichwa iko inauma!") Maumivu hayo, mama, yanathibitisha kwamba projet imefika kichwani. Hakuna kuvua kabla ya picha!

(Mama Hortense, msusi, anasimama na bintiye Exaucée: "Papa Mratibu, mutoto yangu iko na vidonda ku kichwa, nywele ya mbele yote ilisha kutoka. Mulisema docteur atakuwa hapa leo. Iko wapi?") Swali zuri sana, mama, nimelipeleka kwenye kamati, ambayo ni mimi, na kamati inajibu: docteur yumo katika awamu ya pili. (Kicheko cha hasira. Exaucée anavua bandeau. Akina mama wengine wanavua zao na kuzirusha jukwaani.) Asanteni kwa shangwe, sikutegemea kupendwa hivi!

Kichwa huru! (Akina mama wanajikuna.) Nywele mbele! (Wanaanza kuondoka.)

Namalizia kwa shukrani. Asante Papa Clément, mwenye depo hii ya saruji, kwa kutuazima ukuta tubandike bango la kituo; anaomba tulibandue sasa, lori lake limefika. Asanteni wapiga picha. Na wewe Exaucée, mwanangu, asante kwa kuja na vidonda vyako: picha yako imeshakwenda kwa wafadhili, kama ya mgonjwa wetu wa kwanza kupona.