Kanuni ya Kumi na Moja: Kulala Juu ya Makochi

Jumatatu, 4 Machi

Siku yangu imefika! Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye karakana hii ya makochi, ameniita kando ya mashine ya kuranda. Kasema kazi imekua. Zamani walikuwa yeye, Mama Sindano na msumeno mmoja. Sasa watu wamejaa hadi uani na mambo hayaendesheki tena kwa mdomo. Likizo anapata anayejua kulia. Nyongeza anapata anayejua kununa. Anataka kanuni za utumishi, zimeandikwa, kabla ya Ijumaa.

Kwa nini mimi? Nina mwandiko. Pia nina tai.

Zikikubalika, nitakuwa Mkuu wa Wafanyakazi na nitapewa chumba cha sponji. Kina mlango! Hapa hakuna mwingine mwenye mlango, hata Shemeji mwenyewe. Mama Sindano, fundi mkuu wa vitambaa, anakimezea mate kwa ajili ya majora yake. Ataambulia patupu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika kutwa. Likizo ya mwaka. Likizo ya uzazi. Kipindi cha majaribio kwa wageni. Nilipofika likizo ya msiba ilibidi nifute machozi, nilivyokuwa nimeipanga vizuri.

Lakini kanuni bila adhabu ni ushauri tu. Nikazunguka kutafuta maovu. Nikayakuta baada ya chakula cha mchana: karakana nzima imelala! Juu ya makochi mapya, ya wateja! Mama Sindano kajinyoosha kwenye kochi la watu watatu, anakoroma bila haya. Nikauliza wakubwa kwa wadogo. Wakasema ndiyo desturi: kochi likikamilika hulaliwa mchana, ndipo lipelekwe kwa mwenyewe. Kwa nini? Wakasema walikuta hivyohivyo.

Nikacheka kimoyomoyo. Ndiyo maana hawa watu wanahitaji mtu kama mimi. Kanuni ya Kumi na Moja: marufuku mtu yeyote, wa cheo chochote, kukaa au kulala juu ya bidhaa.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji hakusoma zote, kasema zijaribiwe hadi Ijumaa. Nimezibandika ukutani mwenyewe, kwa misumari minne. Nilisimama kuzitazama hadi chai ikapoa.

Mchana wamelala sakafuni juu ya maboksi, midomo imewavimba kwa kununa. Mama Sindano akaniuliza kama nina hakika na hili. Nikamwambia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Akajibu kwamba msumeno anaujua kuliko mimi, akageukia ukutani akalala.

Na nani yule kwenye kochi jekundu? Shemeji! Mdomo wazi! Mtu wa kawaida angepita akinyata. Mimi nikaandika onyo la kwanza, nikamwekea kifuani. Alipoamka akalisoma, akaligeuza, akalisoma tena. Akaniuliza kama dada yangu anajua ninachofanya. Nikamwambia kazi ni kazi, nyumbani ni nyumbani. Akalikunja onyo mara nne, akalitia mfukoni. Nadhani ni heshima.

Jioni likatoka kochi la Mama yangu, zawadi kutoka kwa mkwewe. La kwanza katika historia ya karakana kutoka bila kulaliwa na mtu. Limenyooka kama shati la sikukuu! Nililisindikiza hadi getini.

Alhamisi, 7 Machi

Mama kaja mwenyewe. Amesimama wima, kila kiti anachopewa anakataa.

Mbele ya watu wote akaeleza. Alikuwa amewaita mashoga zake waje kuliona kochi. Akakaa kwa madaha. Akainuka kwa kasi ambayo hajawa nayo tangu ujana. Kwenye mto kulikuwa na mkasi! Akautoa mkobani. Mama Sindano akaupokea kwa furaha, akasema ameutafuta tangu jana asubuhi.

Shemeji akajipiga paji la uso. Akakumbuka: desturi ile aliianzisha yeye, mwaka ule kochi lilipotoka na misumari ndani. Wakalala kutafuta misumari, mpaka wakasahau sababu wakabaki na usingizi.

Nikasema kosa ni la mkasi. Mama akanitazama.

"Na wewe, mwanangu, hapa kazi yako hasa ni ipi?"

Nikamwonyesha ukuta. Hakuusoma.

Nilichoka moyo na mwili. Nikakaa kidogo kwenye kochi jekundu nitafakari. Nilipoamka nilikuwa na karatasi kifuani: onyo la kwanza, mwandiko wa Mama Sindano. Maneno yangu yote, hata nukta. Sikuweza kukasirika. Mtu akikuiga hivyo, amekukubali.

Ijumaa, 8 Machi

Mkutano. Shemeji kapanda juu ya stuli. Kasema kanuni za likizo zimepita zote. Makofi! Mwanamke anayepaka makochi vanishi, ambaye ni mjamzito na alidhani akijifungua ndiyo basi kazi, akalia waziwazi. Nami nikalia. Hilo nililifanya mimi, na hakuna atakayeninyang'anya.

Kisha Kanuni ya Kumi na Moja. Imegeuzwa: hakuna kochi litakalotoka bila kulaliwa. Na kwa kuwa kazi imekua, itakuwa kazi ya mtu mmoja, mwenye usingizi uliothibitishwa. Wote wakanigeukia.

Makochi yataletwa chumba cha sponji. Chumba ni changu! Mlango ni wangu! Mama Sindano alicheka hadi akashika ukuta. Wivu una sura nyingi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeandika mlangoni: Mkuu wa Ukaguzi wa Mwisho. Nimeufungua na kuufunga mara kadhaa. Unalia vizuri.

Asubuhi wameleta makochi matatu. Lakini mkuu hawezi kuonekana kalala kazini, cheo kitashuka. Nimeweka stuli, nikavaa tai, nikayakagua kwa macho. Safi kabisa. Nikatia sahihi. La buluu ni la Mama, badala ya lile la mkasi.

Mchana Mama Sindano kabisha hodi, kama inavyostahili. Anauliza kama nimeiona nyundo yake. Nimemwambia kwa upole kwamba uzembe wa vifaa ni ugonjwa, na hapohapo nikaandika kanuni mpya juu yake. Nyundo nzima inapoteaje?

Gari la makochi lilikuwa limeshaondoka. Nimempigia Mama simu. Nimemwambia safari hii asiogope, ajiachie tu kwa uzito wake wote, nimelikagua mimi.