Hapana Ndani ya Bahasha

Jumatatu, 4 Agosti
Mjomba Swalehe, mshenga wangu, kapeleka barua ya posa kwa Mzee Muhidini. Namtaka binti yake Ashura kuliko kitu chochote Kibiti hii! Mzee ana boti ya abiria, Nyamisati kwenda Mafia. Kasema kwanza nimtengenezee mfumo wa kukata nafasi kwa simu, aone kama hiyo lugha ya kompyuta, JavaScript, naijua kweli. Majibu Ijumaa. Nurdini wa duka la simu, naye anamtaka. Ataisoma namba.

Jumanne, 5 Agosti
Kazi imekwisha. Viti arobaini, kila kimoja nimekiandikia kimejaa: false. Yaani hapana, hakijajaa. Lakini false tupu, kwa baba mkwe? Ni kwenda ukweni na kandambili! Nimeivisha: new Boolean(false). Sasa ni objekti kamili, ina boksi lake na hadhi yake. Nurdini kachungulia, akasema niivue, itanitia aibu. Wivu tu, masikini.

Jumatano, 6 Agosti
Mfumo umewashwa saa mbili asubuhi. Saa mbili na dakika moja, viti vyote vimejaa. Mashallah! Mzee kanipigia kunisifu.

Kumbe hakuna hata mmoja aliyekata nafasi. Watu wameambiwa kumejaa, wamerudi zao Ruaruke. Boti imeondoka na nahodha na mbuzi. Mbuzi hakutumia simu. Mzee kapiga tena. Aliyosema siyaandiki.

Alhamisi, 7 Agosti
Nurdini kanielimisha bila kuombwa, mbele za watu. Eti ukiifunga false kwenye objekti, JavaScript haichungulii ndani. Ikishaona objekti, kwake hiyo ni ndiyo. Nimemshukuru kwa meno ya mbele. Nimefuta new Boolean zote, nimeweka boksi jipya, Object(false). Kitu kingine kabisa!

Viti vimejaa tena. Leo hata mbuzi hakuja.

Ijumaa, 8 Agosti
Mjomba kaleta majibu. Hakukaa, chai kaikataa. Kaweka bahasha mezani, akanipa pole, akaniambia nisome taratibu. Akaongeza kwamba kamwacha Nurdini barazani kwa Mzee, anafuta mfumo wangu, na Ashura anampakulia wali kwa kamba.

Nampenda yule binti, wallahi. Nilishika bahasha nichane, nikakumbuka somo la Nurdini. Hata kama ndani mna hapana, si imefungwa? Ikifungwa, ni ndiyo!

Sijaifungua. Nimekwenda kwa fundi kupimwa kanzu ya harusi.